Usiuze laptopu yako, jaribu Linux kwanza

Jamani kama una laptopu ya zamani na umeshaambiwa haiwezi kuingia Windows 11, soma hii kabla hujaitangaza kwenye grupu la darasa kwa bei ya kutupa. Windows 10 ilisitishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, sasa sisi wenye hizi za mtumba tumeachwa kwenye mataa. Yangu ina RAM ya GB 4 na ilikuwa imechoka kweli, ukiiwasha unaenda kuchota maji unarudi bado inazunguka.

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, unakaa badala ya Windows, na una aina nyingi. Mimi nimehamia aina inayoitwa Linux Mint, toleo la Xfce maana ndo jepesi. Faili lake ni kama GB 3 hivi, nililishusha usiku kwa waifai ya chuo nikaliweka kwenye flashi kwa kutumia programu ya Rufus. Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba unaweza kuijaribu humohumo kwenye flashi bila kugusa diski, unawasha mashine huku unabonyeza F12 (nyingine F9, inategemea) unachagua flashi basi, unacheki waifai inashika, sauti inatoka, kamera inaona, ndo uamue. Na mafaili yahamishie kwingine kwanza, ukishakubali kufuta diski nzima hapo hakuna kurudi nyuma.

Ila kilichonifurahisha kuliko vyote ni flashi za steshenari. Kila mwanafunzi anaijua hii, unaenda kuprinti asainmenti, flashi inapita kwenye kompyuta ya watu mia, ukirudi hosteli mafoda yote yamegeuka shotikati, yale ya kweli yamefichwa na ukibofya tu shotikati umeshakiruhusu kirusi kiingie. Sasa hivi nikichomeka kwenye Mint naona kila kitu, mafoda yangu yapo palepale, pembeni vile vishotikati na kaskripti ka ajabu kenye jina refu lisiloeleweka, navifuta vyote naendelea na kazi, kwa sababu vimetengenezwa kwa ajili ya Windows na huku haviwaki. Siku hizi roommate ananiletea flashi yake nimsafishie kabla hajaichomeka kwake.

Kwenye kuandika natumia LibreOffice, programu za ofisi kama Word na wenzake. Times New Roman haiji nayo, inaweka Liberation Serif ambayo herufi zake zina upana uleule kwahiyo kurasa hazihami, na komenti za supavaiza nazisoma na kuzijibu vizuri tu. Majedwali yenye mambo mengi ndo yanayumba kidogo, kwahiyo kazi ya mwisho natuma PDF. Halafu kuna hili linanipa raha sana, OpenOffice ambayo LibreOffice imetokana nayo ilishatafsiriwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaiita Jambo OpenOffice, na mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, aina nyingine ya Linux ambayo Mint yenyewe imejengwa juu yake. Yaani hivi vitu vina mkono wetu kabisa, sijui kwa nini chuoni hatuvisikii.

SPSS, ile programu ya takwimu, nimeibadilisha na PSPP, inafungua mafaili ya SPSS ya .sav, na kwa takwimu za risechi ya digrii ya kwanza mimi inanitosha, ukitaka makubwa zaidi kuna R. Watu wa ramani QGIS ipo na inafanya kazi vizuri tu. Ila nyie wa usanifu majengo na sivili, AutoCAD yenu ya kuchorea haina toleo la Linux, kwahiyo msifute Windows, wekeni zote mbili kwenye diski moja kila ukiwasha uchague unaingia ipi, na hakikisheni mmeacha angalau GB 40 za Mint maana ikibanwa sana haitawapa raha.