Juzuu la kwanza

Jana usiku nilifungua juzuu la kwanza la Fundamenta Mathematicae, jarida la hisabati lililoanza Warsaw mwaka 1920, la nadharia ya seti (elimu ya makundi ya vitu) na topolojia (elimu ya maumbo yanayopindwa na kunyooshwa bila kukatwa). Kifaransa kitupu, kwa hiyo kamusi mkononi. Aliyelipigania ni Zygmunt Janiszewski: alitaka wanahisabati wa Poland wakusanye nguvu kwenye tawi moja, waandike kwa lugha zinazosomwa duniani. Wapo waliotilia shaka, eti tawi moja litajazaje jarida zima? Lipo hadi leo! Lakini yeye homa ya mafua ilimchukua Januari 1920, ana miaka 31 tu, hata toleo la kwanza hakuliona. Nilipofika hapo nikafunga kompyuta, nikakaa kimya. Leo jioni naendelea na makala za Sierpiński, mwenzake.