Ziwa Lililowameza Waliomfungia Mgeni Mlango

Nilipofika ukingoni mwa Weinfelder Maar nilitua mkoba nikakaa kwenye majani, maana ziwa lile nililijua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga Daun, na huko Eifel, magharibi mwa Ujerumani, sina ndugu wala rafiki. Lakini duara lile la maji yaliyotulia, kingo zimeinuka pande zote kama bakuli, hakuna mto unaoingia wala unaotoka, nilikuwa nimeshalizunguka utotoni, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa nyanya. Huko ni Simbi, karibu na Kendu Bay, kwetu Karachuonyo, Kenya.

Maji ya Simbi ni ya kijani na yana magadi, na heroe huja kujilisha pembeni. Haya ya Weinfeld ni ya buluu iliyokolea, baridi, na siku ile sikuona hata ndege mmoja juu yake. Hata hivyo umbo ni lile lile. Nikahisi kama mtu aliyekutana na uso wa shangazi yake katika soko la mji wa mbali.

Naishi katika mji wa Köln mwaka wa saba sasa, nafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Mwanzoni sikuelewa kwa nini wenzangu kazini wakipata siku mbili za mapumziko huvaa viatu vizito na kwenda kutembea porini. Kwetu mtu hutembea kwenda sokoni, kanisani, matangani. Kutembea bila kutumwa na mtu sikukujua. Kilichonifundisha ni upweke. Kuna kipindi nilitafuta chumba cha kupanga miezi mitano. Kwenye simu naambiwa chumba kipo, nikifika mlangoni naambiwa kimechukuliwa jana. Jumapili moja, baada ya mlango wa tatu wiki hiyo, nilipanda treni bila kujali inakokwenda, nikateremka Nettersheim, nikaanza kutembea kando ya kijito. Tangu hapo sijaacha.

Nettersheim penyewe pana jambo. Bondeni hapo, mahali paitwapo Grüner Pütz, ndipo Warumi walipokinga maji ya chemchemi karibu mwaka 80 baada ya Kristo na kuyapeleka hadi Köln, kilomita zaidi ya 95, kwa mfereji wa mawe uliozikwa ardhini ili maji yasigande kipindi cha baridi. Hapakuwa na pampu. Waliufuata mteremko tu, wakauzungusha mfereji milimani kwa subira. Inakadiriwa ulifikisha mita za ujazo 20,000 kila siku. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama pale: ni mitungi milioni moja ya lita 20. Mama yangu alibeba mtungi kama huo kichwani kutoka ziwani asubuhi na jioni, na shingo inamuuma hadi leo. Nilichuchumaa nikaangalia ukuta wa mfereji, mahali ulipofunuliwa. Maji yale yalikuwa na chokaa nyingi, ikajijenga kuta za ndani utando juu ya utando, mwaka baada ya mwaka, hadi ikawa jiwe. Mamia ya miaka baada ya Warumi kuondoka, mafundi wa makanisa waliikata chokaa ile, wakaing'arisha, wakaifanya nguzo kama za marumaru. Maji ya kunywa yaliacha jiwe, na jiwe likashikilia paa la kanisa.

Nirudi kwenye ziwa. Neno Maar ni la wenyeji wa Eifel, lina asili ya Kilatini cha bahari, na wanajiolojia wakalichukua, sasa linatumika dunia nzima. Hutokea hivi: uji wa moto wa miamba unapanda kutoka chini, unakutana na maji yaliyo ardhini, maji yanageuka mvuke kwa ghafla, na ardhi inapasuka kwa kishindo. Mlima haujengeki. Mawe na majivu hurushwa juu, yanaangukia pembeni na kujipanga kuwa ukingo, na katikati linabaki shimo. Baadaye maji yanalijaza. Eifel ina mashimo ya namna hii yapatayo 75, mengi yameshajaa tope na kuwa malisho, machache ndiyo bado maziwa. Hapo Daun yapo matatu yakiwa yamepakana: Gemünden, Weinfeld na Schalkenmehren. Weinfeld lina kina cha mita 51. Dogo kwa umri kuliko yote ni lile la Ulmen, lenye miaka kama 11,000, na kwa volkano hiyo ni jana. Ndiyo maana wataalamu hawasemi kuwa Eifel imekufa. Wanasema imelala.

Kando ya ziwa la Weinfeld kuna kanisa dogo jeupe na makaburi. Kijiji hakipo. Palikuwa na watu, na katika karne ya 16 ugonjwa wa tauni ukawamaliza, waliosalia wakahama. Kanisa limebaki peke yake na maji. Watu wa Schalkenmehren bado huzika hapo, na nilikuta taa za mishumaa za vioo vyekundu juu ya makaburi, mbili zikiwaka. Wajerumani huliita pia Totenmaar, ziwa la wafu.

Pia kuna hadithi. Wanasema mahali penye maji palikuwa na ngome ya bwana mmoja. Yeye alikuwa mpole, lakini mkewe alikuwa na roho ngumu, maskini wakibisha anawafukuza. Siku moja ya baridi bwana yule alitoka kwenda kuwinda, akakumbuka amesahau glavu zake, akamtuma mtumishi azifuate. Mtumishi akarudi anatetemeka: ngome haipo, kuna maji matupu. Bwana akasema hilo haliwezekani, labda farasi wangu apige kwato hapa itoke chemchemi. Farasi akapiga kwato. Chemchemi ikatoka. Akakimbia hadi ukingoni, na kitu pekee alichokiona juu ya maji ni kitanda cha kubembelezea mtoto, kinaelea, na mwanawe yu hai ndani yake.

Niliisoma hadithi hiyo nikaisoma tena, nywele zikanisimama. Kwa sababu ile ya Simbi kila mtoto wa kwetu anaijua. Bibi kizee alifika kijijini usiku wa mvua, ana njaa, nguo zimelowa. Watu walikuwa kwenye sherehe, pombe na ngoma, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemfungulia, akampa chakula na mahali pa kuota moto. Bibi kizee akamwambia, ondoka hapa usiku huu huu. Akaondoka. Nyuma yake maji yakakimeza kijiji, watu, ng'ombe na ngoma. Simbi Nyaima maana yake ni kijiji kilichozama.

Waluo na Waeifel hawakuwahi kukaa moto mmoja wakasimuliana. Nimelifikiria sana jambo hili na nadhani ni ziwa lenyewe linalouliza. Mto una chanzo na mwisho, mtu akiuona hashangai. Lakini shimo la duara lenye maji yasiyotoka popote, katikati ya ardhi nzuri ya kulima, humfanya mtu aulize: hapa palikuwa na nini? Nani alikuwa anakaa hapa, na amefanya nini hata ardhi ikafunuka chini yake? Watu wa pande zote mbili walitafuta kosa kubwa kiasi hicho. Hawakuchagua wizi wala uuaji. Walichagua kumnyima mgeni. Mimi niliyesimama mbele ya milango ya Köln miezi mitano sikuweza kuipita sentensi hiyo haraka.

Kutoka Daun kwenda Manderscheid ni kama kilomita 23 kwa miguu, na sehemu kubwa unafuata mto Lieser. Njia ni nyembamba, mizizi imejitokeza, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Mwamba huu si wa volkano. Ni wa zamani mno, tope la bahari lililogandamizwa likawa tabaka za kijivu zinazobanduka kama maganda ya kitunguu, na volkano zilikuja mamilioni ya miaka baadaye kuzitoboa. Mvua ilianza saa nane mchana. Kufika saa kumi viatu vyangu vilikuwa vinapiga kelele ya maji kila hatua, na kwenye mteremko mmoja niliteleza nikachubua kiganja.

Halafu msitu ukafunguka nikaziona ngome mbili kwa pamoja. Manderscheid ina Oberburg, ngome ya juu, na Niederburg, ngome ya chini, zinatazamana ng'ambo ya bonde, na mto umejikunja katikati. Ile ya juu ilikuwa mali ya maaskofu wakuu wa Trier tangu karne ya 12. Ile ya chini ilikuwa ya mabwana wa Manderscheid, waliokuwa upande wa Luxemburg. Majirani wanaoweza kusikia mbwa wa mwenzao akibweka, kila mmoja nyuma ya ukuta wake, na uhasama wa vizazi. Kuanzia 1346 hadi 1348 Askofu Mkuu Balduin aliizingira ngome ya chini, na haikuanguka. Leo zote ni magofu. Nilipanda mnara wa Oberburg, ngazi zimelowa, nikatoa kichwa dirishani. Chini, Niederburg imeushikilia mwamba ngazi kwa ngazi kama viota.

Nilikumbuka Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe huko Migori, tulikopelekwa na shule nikiwa darasa la saba. Kuta zile zina miaka kama 500, mawe yamepangwa bila udongo wala saruji na bado yamesimama, na mahali pengine kuta ni ndefu kuliko mtu mzima mara mbili. Lango lake ni fupi, unainama kuingia. Mwalimu alitueleza kuwa adui akiingia ameinama, kichwa chake kiko mikononi mwa mlinzi. Nilipoinama kupita mlango wa mnara wa Manderscheid, mgongo wangu ulikumbuka kabla yangu. Watu wa kwetu na watu wa huku wote walijenga kuta kwa sababu walikuwa na cha kupoteza, na wote ilibidi waamue usiku, mtu akigonga, wafungue au wasifungue.

Nilikuwa nimelipia kitanda katika nyumba ya mama mmoja, mjane wa miaka zaidi ya 70. Nilifika nikiwa nachuruzika maji. Nilisimama nje nikaanza kueleza kwa Kijerumani changu kwamba nitavua viatu hapa hapa nisichafue. Hakuningojea nimalize. Alinishika kiwiko akaniingiza ndani, akachukua viatu vyangu, akakaa kwenye kigoda jikoni na kuvijaza magazeti, ukurasa mmoja mmoja, anaukunja, anausukuma hadi kwenye vidole, kisha akaviweka mbali kidogo na jiko ngozi isikauke ikapasuka. Baada ya nusu saa aliinuka akayatoa magazeti yaliyolowa akaweka makavu. Alifanya hivyo mara tatu jioni ile huku tukila supu ya njegere. Kiganja changu alikiosha mwenyewe. Mimi ndiye huosha mikono ya wazee kila siku, nilikuwa nimesahau kuoshwa kulivyo.

Nikamwambia kuhusu Simbi. Alisikiliza hadi mwisho, kijiko kimesimama. Yeye hadithi ya Weinfeld aliipata kwa mama yake, na alinionyesha kwa mikono jinsi kitanda cha mtoto kilivyokuwa kikiyumba juu ya maji. Kisha akaniuliza jambo ambalo tangu nizaliwe sikuwahi kuuliza: "Yule mwanamke aliyemfungulia bibi kizee, baadaye alikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kenya ilikuwa saa tatu usiku, na nyanya hulala mapema, lakini nilipiga, shangazi akampelekea simu kitandani. Nikamsalimu, nikamwambia niko kwa mama mmoja wa Kijerumani na ana swali kuhusu Simbi. Nilimtafsiria. Nyanya alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa sauti ya mtu anayeeleza kitu cha wazi kwa mtoto.

"Angekwenda wapi? Kwake kumezama. Alitembea usiku kucha, kulipokucha akapiga hodi kwa watu."

Nilimtafsiria mama mwenye nyumba. Akatikisa kichwa polepole, akaenda kuangalia viatu.