Inshallah za Mkomani

Katika mji wetu huu wa Amu, yaani Lamu, hakuna ajuaye kusema hapana. Ukitaka kuhakikisha, shika mkoba wa sabuni, panda kutoka Langoni mpaka Mkomani baada ya alasiri, ubishe milango kumi. Utarudi na inshallah kumi. Tena utarudi umeshiba, maana kwetu kukunyima biashara ni jambo moja na kukunyima chai ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo aibu.

Biashara hii ya mtandao, ya kuuza bidhaa na kusajili watu chini yako, niliingia mwaka 2021. Mume wangu ana mashua ya kutembeza wageni. Corona ilipofunga wageni mwaka 2020, mashua ilikaa juu ya mchanga mpaka kalafati ikaanza kutoka baina ya mbao. Ndipo mama mmoja wa Mombasa, tuliyekutana arusini, akanionyesha kwenye simu yake picha za watu wamesimama kando ya magari. (Gari, Amu! Ningeliegesha wapi, juu ya punda?) Nikatoa shilingi 6,500 nilizokuwa nimeweka za mchezo wa kupokezana pesa, nikapewa sanduku: sabuni, dawa ya meno, krimu ya uso, na makopo manne ya vidonge vya majani.

Tukaitwa semina Mombasa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika majina 100 ya watu unaowajua. Wenzangu wa Nyali wakawa wanauma kalamu. Mimi nilimaliza mapema nikajiona hodari, mpaka nilipoisoma orodha ile usiku ndani ya basi nikaona nimeandika ukoo wangu. Shangazi, ami, mke wa ami, mwalimu wangu wa chuoni tulikosoma Kurani, wakwe. Hakukuwa na mgeni hata mmoja.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba wote, ila nilichelewa kuuona. Siku moja nilimlilia mume wangu kwamba watu watano wamenikataa. Alikuwa amechutama anapaka mashua sifa, yale mafuta ya papa, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi Wazungu hunikataa hamsini kabla ya saa nne. Lakini mimi siwajui mama zao."

Basi nikajifunza kusikiliza inshallah, kwa sababu si zote ni moja. Inshallah ya kweli huja na siku yake: "Inshallah Ijumaa, nikipokea kodi ya chumba cha Shela." Huyo mwandike, atanunua. Inshallah ya kukukataa huja na sahani. Ukiona umemaliza kueleza krimu na mwenye nyumba ameinuka kukuletea mkate wa mofa, akarudi akikuuliza magoti ya mamako yaendeleaje, jua mambo yamekwisha. Na ile ya "wacha nimuulize mume" nilikuwa nikiiheshimu sana, mpaka nilipoipata kwa mwanamke ambaye mumewe yuko Jeddah mwaka wa tatu.

Kuna nyumba moja ya juu kule Mkomani, yenye daka pana la mawe, ile baraza ya mlangoni, mwenyewe alinipokea kama bi arusi. Tulikaa kutoka alasiri mpaka kukaribia adhana ya magharibi. Akakipokea kitabu cha bidhaa kwa mikono miwili, akawa anajipepea nacho. Jina na nambari yangu nilikuwa nimeviandika kwa kalamu nyekundu chini ya kila ukurasa, kama tulivyofundishwa. Nikaondoka nikipiga hesabu za faida. Baada ya wiki mbili mwanangu akaja na mabuyu ya shilingi kumi aliyonunua kwa mtoto mmoja karibu na Mkunguni. Yamefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Naikunjua karatasi: krimu ya uso, shilingi 1,850, na nambari yangu kwa wino mwekundu, rangi ya mabuyu imeingia mpaka kwenye shavu la yule mwanamke wa picha.

Nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia. Kwa muda wa mwezi hivi nilikuwa narudi nyumbani kwa njia ya pwani badala ya kupita Usita wa Mui, wasije wakaona mkoba bado umejaa.

Kiongozi wangu kule Mombasa alikuwa na dawa ya kila huzuni. Aliyekukataa mara moja mfuate mara saba. Hapana maana yake bado. Semina ile walitusimulia habari za David McConnell wa Marekani, aliyekuwa akiuza vitabu mlango kwa mlango na kutoa manukato kidogo kama zawadi. Akaona kina mama wanayapenda manukato kuliko vitabu, na mwaka 1886 akaanzisha kampuni ya manukato ambayo baadaye ikaja kuitwa Avon. Tukapiga makofi, tukaambiwa msikate tamaa. Mimi kisa kile nimekirudia kichwani mara nyingi, na kila nikikirudia naona bwana yule alikata tamaa vizuri sana. Vitabu walivikataa, akaviacha.

Na mara saba! Sisi tumelelewa kwamba hodi ni tatu. Ukibisha mara tatu usijibiwe, geuka urudi, wala usitie kinyongo, huenda mtu yumo ndani na shughuli zake. Mtu aliyekulia Amu akibisha mara ya nne watu hutoka nje kuangalia kuna msiba gani. Nami nilibisha mara ya nne. Nilibisha kwa simu, kwa WhatsApp, arusini, hata hitimani nilijikuta nampimia macho mama aliyekaa kando yangu.

Shoga yangu tangu chuoni aliniziba kwenye WhatsApp. Hakuniambia. Niliona tu picha yake imetoweka, na ujumbe wangu una alama moja, leo, kesho, wiki. Nikajipa sababu: simu imeharibika, amesafiri. Siku ya tisa au ya kumi tukakutana kichochoroni, nyuma ya ngome, pale kuta zinapokaribiana. Ningegeuka angeniona. Kabla hatujasalimiana nikasikia nyuma, "Simile! Simile!" Punda watatu, wamebeba mchanga kwenye makanda, na njia haiwatoshi punda na watu. Tukabanana sote wawili kwenye ukuta mmoja, buibui yake na yangu, uso kwa uso, harufu ya asumini kichwani mwake. Punda wa kwanza akapita. Wa pili akasimama kukojoa.

Mtu hawezi kununa akiwa amebanwa ukutani na punda. Tukaanza kutetemeka kwa kicheko, halafu yeye akanyamaza, akasema taratibu, "Mwenzangu, sabuni yako haina neno. Lakini siku hizi ukinambia habari za asubuhi, mimi nangoja bei."

Sikuwa na jibu. Punda akamaliza haja zake, tukaendelea na njia, kila mmoja upande wake, vidole vya miguu vimejaa mchanga.

Maneno yale yaliniuma kuliko inshallah zote, kwa kuwa ndani yake hamna sabuni. Nilikuwa nimehesabu nyumba ngapi zimekataa krimu. Salamu yangu sikuihesabu kama nayo imekataliwa, wala kwamba mwenye kuitia bei ni mimi.

Shangazi yangu aliyenilea yeye alinikataa mchana kweupe, na nilimkasirikia bure. Nilitaka nimsajili chini yangu. Akanunua sabuni tatu, akalipa taslimu, akasema, "Sabuni nitanunua kila mwezi, mwanangu. Watu siwezi kukuletea." Mwanawe, anayesomesha hesabu, akachukua daftari akanionyesha. Wewe ulete watano. Kila mmoja alete watano. Hatua ya saba peke yake wanahitajika watu 78,125. Kaunti nzima ya Lamu, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na watu 143,920, ukiwatia vichanga, wazee, na walioko Kiunga na Faza. Hatua ya nane, 390,625. "Hapo mtasajili na punda," akasema. Nilimwambia ana roho ya kwanini. Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu ile tena kwa simu, nikitafuta alipokosea.

Vidonge ndivyo vilivyonitoa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mgonjwa wa presha, aliniuliza akinunua kopo aache dawa za hospitali? Nikamwambia asiache, na kopo asinunue. Nikamsimulia kiongozi wangu nikidhani atanisifu, akaniambia nimeua mauzo kwa mkono wangu. Mwezi ule sikununua pointi. Usione ajabu: ili uhesabiwe uko hai kwenye kampuni, sharti ununue mwenyewe kila mwezi, uuze usiuze. Makopo mawili yakapitwa na tarehe chini ya kitanda changu. Ukijumlisha yote, pesa zilizonitoka ni nyingi kuliko zilizoniingia, na mume wangu hajui tofauti yake mpaka leo (ukisoma hapa, baba watoto, tutaongea).

Sasa nina nyumba kumi na moja, basi. Sabuni na dawa ya meno, nanunua kwa jumla Mombasa, sina aliye juu yangu wala chini yangu. Daftari langu lina mistari mitatu kwa kila jina. Mstari wa kwanza nimeonyesha, wa pili nimekumbusha, wa tatu nimeuliza mara ya mwisho. Ukijaa, ukurasa umefungwa, na mtu yule nikikutana naye namuuliza watoto tu. Mara mbili tatu za mwanzo nilikuwa naumwa na ulimi kwa kujizuia. Mwenye daka pana la Mkomani mistari yake ilijaa zamani. Nimekwenda kwake Ramadhani hii na sahani ya kaimati, mkoba nimeuacha nyumbani makusudi, na bado alipofungua mlango macho yake yalishuka kwanza mkononi mwangu.

Shoga yangu picha yake imerudi. Hatujalizungumza.

Tatizo lililobaki ni karatasi zile. Kitabu kilikuwa na kurasa nyingi, na mtoto wa Mkunguni bado anazitumia, maana napigiwa simu. Hakuna hata mmoja anayetaka krimu. Jana usiku kanipigia kijana yuko Mokowe, amepata nambari yangu kwenye mabuyu, anataka ya shilingi mia mbili, yenye pilipili nyingi. Nimemwambia anipigie kesho baada ya alasiri.