Rili ya bei nafuu ni ile inayofunguka

Katika miaka sita ya kuvua kwa fimbo kwenye mwamba wa Coco Beach, hapa Dar es Salaam, nimepoteza rili tatu, yaani mashine za kuzungushia uzi wa kuvulia, na hakuna hata moja iliyoharibiwa na samaki. Zote ziliharibiwa na chumvi, tena zikiwa kabatini, zimefutwa kwa kitambaa na kukauka, huku mimi nikiamini kwamba nimezitunza. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayetaka kununua rili yake ya kwanza ya baharini kwa fedha za kawaida, kwa sababu maneno mengi yanayosemwa dukani yanahusu mambo ambayo chumvi haiyajali.

Rili ninayoizungumzia ni ile inayokaa chini ya fimbo, ambayo bobini yake hutulia wakati wa kurusha, na upinde wa waya ndio unaouzungushia uzi unapovuta. Humfaa mvuvi wa ufukweni kwa kuwa hurusha chambo chepesi hata pale upepo wa kusi unapompiga usoni, na mwanafunzi huimudu kwa asubuhi moja.

Ya kwanza niliinunua kwa shilingi 45,000, nikiwa nimevutiwa na boksi lililoandikwa kwamba ndani mna beringi 13. Siku hizo nilidhani kwamba beringi nyingi ni dalili ya ubora, kama vile mtu anavyohesabu vyumba vya nyumba bila kuuliza kuhusu msingi. Kumbe beringi ni kitu cha kwanza kuoza baharini, na mtengenezaji anayetaka kuuza rahisi huweza kuzijaza za ovyo kila pembe, kisha akabana matumizi kwenye gia na kwenye breki, ile inayoachia uzi kidogo kidogo samaki anapovuta, ambazo mnunuzi hazioni. Baada ya miezi minne rili ile ilikuwa ikisaga kama kinu. Tangu hapo, nikiona idadi kubwa ya beringi ikitangazwa kwa herufi nene kuliko jina la chuma cha gia, hurudisha boksi mahali pake.

Ni vyema kuelewa namna chumvi inavyofanya kazi, maana uchaguzi wote unatoka hapo. Maji ya bahari yakikauka huacha chembe za chumvi, na chembe hizo huvuta unyevu kutoka hewani, ambao katika mji wetu haukosekani mwaka mzima. Kwa hiyo rili inayoonekana kavu huendelea kuliwa taratibu kwa ndani. Zaidi ya hapo, metali mbili tofauti zinapogusana ndani ya unyevu wenye chumvi, iliyo dhaifu kati yake huliwa kwa ajili ya mwenzake. Ndiyo maana skrubu ya chuma cha pua iliyokazwa ndani ya mwili wa alumini hufunikwa na unga mweupe, kisha hukwama, na siku unapotaka kuifungua kichwa chake hukatika na kubaki kwenye bisibisi. Rili yangu ya pili ilifia hapo. Niliisuuza kila jioni kwa uaminifu mkubwa, bila kukumbuka kwamba maji ya kisima cha nyumbani kwetu yenyewe yana chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya jiji hili.

Kwa sababu hiyo, swali langu la kwanza dukani si bei wala jina, bali ni iwapo rili hiyo itafunguka mikononi mwangu. Hapa kwetu ni vigumu kumpata fundi wa rili, na kuagiza kipuri nje huchukua wiki kadhaa na huweza kugharimu nusu ya bei ya rili nzima. Kitu ambacho nitashindwa kukifungua mwenyewe kwa bisibisi na kitambaa, mezani pangu, ni kitu nilichokikodi kutoka baharini kwa muda tu.

Muuzaji akikuruhusu, na asiyekuruhusu muage, legeza kifundo cha breki kilicho mbele ya bobini hadi kitoke. Chini yake utaona visahani vya breki. Vya nyuzi za kaboni hustahimili joto la samaki anayekimbia kuliko vya kitambaa kizito, ambavyo navyo si vibaya endapo vitapakwa grisi yake, lakini vikikauka huvuta kwa kushtuka, na mshtuko ndio unaokata uzi. Shika mkono wa kuzungushia na uutikise kushoto na kulia. Ule unaokazwa kama skrubu moja kwa moja ndani ya gia hutikisika kidogo kuliko ule unaopitishiwa kijiti na kubanwa kwa skrubu upande wa pili. Fumba macho, zungusha polepole, usikilize vidole vyako. Kisha tazama kapi dogo lililo kwenye upinde wa waya, pale uzi mbichi unapopita kila unapovuta, kwa maana sehemu hiyo hulowa kuliko zote. Nitasema jambo ambalo wengine watalipinga: katika rili ya bei ya chini kabisa, ninapendelea kapi lenye bushi ya plastiki kuliko lenye beringi, kwa sababu plastiki haipati kutu, ilhali beringi ya pale isipotiwa oili hukwama, na kapi lililokwama huuchuna uzi hadi ukawa dhaifu bila wewe kujua.

Mwili wa rili unaweza kuwa wa plastiki iliyotiwa nyuzi za kaboni au wa alumini. Wa plastiki hauozi, ila hupinda samaki mzito anapovuta, na gia zikipoteza mstari wake husagana. Kwa samaki kama changu na kibua unatosha. Kwa kolekole mkubwa ninataka alumini, na ndani yake nisingependa gia kubwa ya zinki iliyomiminwa iwapo ninaweza kuongeza fedha kidogo nikapata ya alumini inayoshikana na gia ndogo ya shaba ya njano.

Kuhusu nguvu ya breki, matangazo yamewapotosha watu wengi. Utakuta rili ya bei ya chai na chapati ikidai breki ya kilo 15. Hebu tupige hesabu. Uzi wa pauni 30 hukatika kwa takriban kilo 13.6, na desturi ya wavuvi ni kuiweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi, yaani kati ya kilo 3.4 na 4.5. Mimi huipima kwa mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki, nikiifunga kwenye ncha ya uzi na kuvuta hadi bobini ianze kuachia. Kilo 15 za kwenye boksi hazitatumika hata siku moja, na fimbo yako ingevunjika kabla yake. Kinachotakiwa ni breki inayoachia kilo nne kwa ulaini ule ule katika mbio za kwanza na za tatu, na ulaini huo hauandikwi kwenye boksi lolote.

Namba za ukubwa nazo zisikudanganye. Namba 4000 ya kampuni ya Daiwa si sawa na 4000 ya Shimano wala ya Penn, kwa kuwa hakuna kipimo cha pamoja. Soma uzito wa rili na mita za uzi zinazoingia kwenye bobini. Kwa kuvua ufukweni na kwenye ngalawa karibu na miamba, ukubwa wa 4000 hadi 6000 hunitosha, nikiweka nailoni kidogo chini na uzi wa kusuka juu yake, kwa sababu uzi wa kusuka ukifungwa peke yake kwenye bobini laini huteleza wote kwa pamoja.

Kwa majina, nikiulizwa hutaja mawili. Penn ya familia ya Battle ina mwili wa metali na visahani vya kaboni, na Daiwa BG ina mwili wa alumini na gia nene. Nje ya nchi bei ya zote mbili hupanda au kushuka kulingana na ukubwa, kabla ya nauli na ushuru. Wapo watakaokusukuma uongeze fedha ununue iliyozibwa dhidi ya maji, kama Penn Spinfisher VI yenye daraja la IPX5. Ni rili nzuri, lakini daraja hilo linahusu maji yanayorushwa, si kuzamishwa, na mpira wa kuzibia ukichakaa maji yanayoingia hayapati njia ya kutoka.

Yangu ya sasa ni BG ya mtumba ambayo binamu yangu anayeishi Maskati alinitumia, ikiwa imechunika rangi na mkono umepinda kidogo. Niliifungua usiku ule ule ilipofika. Katika furaha yangu niliijaza grisi kila mahali, hata ndani ya beringi ya njia moja, ile inayozuia mkono usirudi nyuma, na kesho yake mwambani kolekole alipovuta mkono ulizunguka kinyume ukanigonga vidole. Mzee mmoja anayevua kwa mshipi uliozungushiwa kwenye chupa ya plastiki alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine inakuvulia samaki au inakuvua wewe?" Sehemu ile hutaka tone la oili nyepesi tu. Nilirudi nyumbani, nikaiosha kwa spiriti, nikaikausha, na haijarudia.

Sasa hivi nikitoka baharini hukaza breki ili maji yasipenye kwenye visahani, huinyunyizia maji ya bomba kwa upole bila kuielekezea mpira wa maji kwa nguvu, huikausha kivulini, kisha huilegeza breki hadi safari nyingine. Kila baada ya bamvua mbili, yaani kama mwezi mmoja, kapi hupata tone lake la oili. Beringi ya kapi hilo nimeibadilisha mara mbili, na nyingine mbili ziko ndani ya kikopo cha dawa pamoja na skrubu za akiba ambazo nimezipaka grisi kabla hazijahitajika.