Ukurasa wa 87

Jumamosi jioni tulikaa kwa dada yangu kuendelea na riwaya tuliyoianza mwezi uliopita. Dada anacho kitabu chenyewe cha karatasi, alichoachiwa na mama. Mimi nasomea kwenye Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, shemeji kwenye kishikwambi, wapwa zangu wawili kwenye simu.

"Haya, fungueni ukurasa wa 87," dada akasema, "pale mzee anapoaga."

Kwangu hapakuwa na ukurasa, palikuwa na lokesheni 1342, yaani namba ya mahali ulipofika ndani ya maandishi. Shemeji hukuza herufi kwa ajili ya macho, na ukurasa wake wa 87 ulikuwa bado kwenye harusi. Mpwa mmoja akasema yeye yuko asilimia 36. Ikatuchukua kama dakika kumi kutafutana ndani ya kitabu kimoja.

Tangu siku ile nalifikiria jambo hili. Kindle ya kwanza, mwaka 2007, ilikuja na lokesheni kwa sababu ya maana: kwenye kioo maneno hujipanga upya kila ukibadili ukubwa wa herufi, na ukurasa unakosa pa kusimama. Lokesheni haiyumbi. Ila ni namba ambayo dada, na karatasi yake mkononi, hana pa kuitafuta. Namba za kurasa zilikuja kuongezwa mwaka 2011, kwa baadhi ya vitabu, zikifuata toleo fulani lililochapwa. Mafaili ya EPUB, aina nyingine ya vitabu vya kidijitali, nayo humruhusu mchapishaji kupachika alama kila mahali ukurasa wa karatasi unapoanzia. Natamani kila mchapishaji angejipa kazi hiyo. Kwenye kitabu chetu haikufanywa.

Nikakumbuka chuoni. Tulikuwa na misahafu ya kila aina, mikubwa ya kurithi, midogo ya mfukoni, mingine imeshonwa kwa uzi. Maalimu alikuwa akisema, "Al-Kahf, aya ya 10," nasi sote tunafika. (Wanaohifadhi kwa msahafu wa Madina wenye kurasa 604 hutajiana kurasa, lakini hao wote wanashika chapa ya mpangilio mmoja.) Tenzi zetu ni vivyo hivyo: taja ubeti, na mwenye nakala yoyote iliyohesabiwa beti atauona. Wasomaji wa Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, nao hadi leo wanatumia namba za kurasa za chapa ya mchapaji Henri Estienne ya mwaka 1578. Ukitaka mfano wake maarufu wa pango, ni 514a, uwe unasoma kwa Kigiriki au kwa tafsiri. Na baba yake Estienne huyo, Robert, ndiye aliyeligawa Agano Jipya kwa mistari tunayoijua, mwaka 1551. Namba hizo zimeshikamana na maneno, ndiyo maana zimevuka karatasi zote hizo.

Riwaya haina ubeti. Ina sura, na ndani ya sura ina aya.

Kwa hiyo jana nilirudi kwa dada na penseli. Alisita, kitabu ni cha mama. Kisha akaichukua, akaanza kuhesabu aya za sura ya 6 pembeni, kwa namba ndogo mno, nami nikihesabu kwenye kioo changu. Tulipofika aya ya 14, mzee akaaga, kwake na kwangu. Ubavuni mwa aya ile palikuwa na mstari wa penseli uliofifia, ambao hakuna kati yetu aliyeuchora.

Nikaweka alama kwangu pia, palepale.