Siku moja na ndege asiyetikisika

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshafika mwaloni, kwa kuwa upepo wa Ziwa Victoria bado haujaamka na mafunjo yametulia. Ninaongoza wageni katika kinamasi cha Mabamba, magharibi ya Entebbe, eneo linalotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, tangu mwaka 2006. Karibu wote huja kumtafuta ndege mmoja, yule ambaye kwa Kiganda tunamwita bbulwe: wa kijivu, mwenye kimo cha zaidi ya mita moja na mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Kiswahili nilikipata utotoni katika kambi ya jeshi alikotumikia baba, na ndiyo maana wageni wa Kenya na Tanzania hukabidhiwa mimi.

Hadi saa moja na nusu nilikuwa nimekumba maji mtumbwini, nimehesabu majaketi ya kuokolea na kunywa chai. Mwenzangu, anayeshika pondo, ni mzee aliyevua samaki humu tangu ujana wake, na Kiswahili chake ni cha visiwa vya humu ziwani, alichookota kwa wavuvi wenzake. Zamani mvuvi aliyekutana na bbulwe alihesabu kwamba siku hiyo hatapata kitu, na wapo waliomuua kwa sababu hiyo. Leo mzee huyu humtambua kutoka mbali kabla sijainua darubini.

Mgeni tuliyepatana naye aje saa moja alifika saa tatu kasoro robo. Alikuwa bwana wa Mombasa, pamoja na mkewe na shemeji yake, wamevuka kwa boti kutoka mwalo wa Nakiwogo, upande wa Entebbe. Kabla hajafunga jaketi alikwishaanza kunisimulia habari za pomboo wa Wasini, kisiwa cha pwani ya Kenya, jinsi wanavyokuja wenyewe kucheza mbele ya jahazi, na jinsi nahodha wa kule asivyomchosha mtu. Sikubishana naye. Pomboo huvuta hewa kama sisi, hana budi kuibuka. Hapa kwetu anayelazimika kuibuka ni kamongo, samaki mwenye mapafu, na bbulwe analijua hilo kuliko mtu yeyote: husimama kando ya maji peke yake, akingoja pumzi ya kamongo, na anaweza kungoja muda mrefu sana bila kunyanyua mguu.

Tulimpata saa nne na nusu, baada ya mzee kusukuma mtumbwi katika vijia vilivyozibwa na mayungiyungi hadi mikono yake ikawa inatetemeka. Alisimama umbali wa hatua ishirini hivi, mdomo umeegemea kifua, jicho lake la rangi ya majivu likifunikwa na utando mwembamba kisha kufunuliwa tena. Kwangu mimi utando ule ulitosha kwa siku nzima. Bwana aliuliza, "Kijana, huyu si sanamu?" Baada ya robo saa alitaka tusogee, nikamweleza kwa adabu kwamba haturuhusiwi kumkaribia zaidi. Baada ya nusu saa alimwomba mzee ampige ndege kwa maji, walau atikisike, na mzee akajifanya hajasikia Kiswahili. Mkewe alimsihi anyamaze. Ndipo akapiga makofi, mara tatu, kwa nguvu.

Bbulwe alifungua mabawa yake mapana, akapaa polepole huku shingo ameikunja, akatua nyuma ya mafunjo mahali pasipo na njia ya mtumbwi. Nyuma yetu mitumbwi miwili ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, na wageni wake waliona mgongo tu. Ndege huyu huweza kutaga mayai matatu na kwa kawaida akalea kifaranga mmoja pekee. Kumfukuza kwenye windo lake si mzaha. Niliyameza hayo yote, maana mwongozaji anayemfokea mgeni hapewi mwingine.

Mwaloni alitaka kulipa nusu, kwa hoja kwamba ndege hakufanya kitu. Tulivutana juani mpaka shemeji yake akatoa fedha zilizosalia, bila kumtazama usoni.

Kuanzia hapo saa sizikumbuki vizuri. Tulirudi majini na wageni wawili wa mtumbwi uliokosa, tukazunguka katika joto, pondo likinasa kwenye tope kila baada ya hatua chache. Waliona mdiria, wakaona furukombe akiwa na samaki, bbulwe hawakumwona. Walinishukuru hata hivyo, na shukrani ile iliniuma kuliko ile nusu malipo.

Jua likielekea kuzama, mzee alikuwa akiosha mtumbwi kimya. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba pomboo wa yule bwana huja wenyewe mpaka chomboni. Nikamwambia ndivyo wanavyosema waliofika Wasini. Akalikamua tambara lake, akafikiri.

"Sasa huyo nahodha wao," akasema, "kazi yake ni nini?"