Daftari la hisa la seremala wa Langoni, Lamu

Agosti 2021

Hisa ya Safaricom, kampuni ya simu, imepita shilingi 40. Hisa hii iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, mwaka uliofuata ikawa chini ya 3, na leo hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya thamani ya Soko la Hisa la Nairobi zima. Barazani kila mtu amegeuka dalali. Kijana mmoja wa mashua za Mokowe ameniuliza kama auze injini aingie sokoni. Nimemwambia injini yake inamlisha kila siku, gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, linakuja mara mbili kwa mwaka. Hakufurahi.

Mimi nanunua kilichopangwa tu: asilimia 10 ya kila oda inayolipwa, hata kama ni fremu ya dirisha. Milango ya nakshi haina mshahara. Wakati wa kaskazi Shela hujaa wageni na wenye nyumba huagiza. Kuanzia Aprili hadi Juni pesa huja kwa kusuasua. Ndiyo maana sikuweka kiasi kimoja cha kila mwezi kama wanavyoshauri watu wa ofisini. Kiasi hicho kingenishinda mwezi wa Mei, na kanuni ikishavunjwa mara moja, ya pili haina uzito. Oda isipokuja, sinunui, na hakuna anayenidai.

Hesabu ya leo hainipi raha. Gawio la mwaka ni shilingi 1.37. Kwa bei ya 42 hilo ni kama asilimia 3, na bado kuna kodi ya zuio, inayokatwa kabla pesa hazijanifikia, ya asilimia 5 ya gawio lenyewe. Dalali na tozo za soko huchukua karibu asilimia 2 siku ya kununua. Yaani mwaka wa kwanza, zaidi ya nusu ya gawio inarudisha gharama. Nimenunua fungu la oda na nikaishia hapo. Kukopa niongeze, kama walivyofanya wengi mwaka 2008, hapana.

Novemba 2023

Bei inazunguka 13.

Sababu hazijifichi. Riba za Marekani zimekuwa zikipanda tangu 2022, wawekezaji wa nje wameuza wakarudisha dola zao kwao, na dola moja sasa inapita shilingi 150. Biashara ya Ethiopia, iliyoanza Oktoba 2022, bado inameza mtaji. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, nayo iko karibu shilingi 2, ilhali mwaka 2006 iliuzwa kwa umma kwa 11.90.

Hisa nilizonunua ghali zimepoteza kama theluthi mbili ya thamani. Lakini gawio limeshuka kutoka 1.37 hadi 1.20 tu. Anayenunua leo kwa 13 anapata zaidi ya asilimia 9 kwa pesa yake. Wa Agosti 2021 alikuwa akipata 3. Kampuni ni ileile, simu ni zilezile. Naona ajabu kwamba barazani siku hizi hakuna anayetaja hisa.

Ami yangu anataja, ila kwa kunihurumia. Yeye aliuza zake zamani akanunua kiwanja upande wa Hindi, bara ya Lamu, habari za bandari zilipovuma.

"Kiwanja utakiona kwa mato, mwanangu. Hizo zako utazionea wapi?"

"Kwenye simu, Ami."

"Na simu ikizima?"

Nilicheka, na sikubishana naye. Kiwanja chake ni cha halali na amekaa nacho miaka yote hiyo bila kuuliza bei kila asubuhi. Kwa hilo amenishinda.

Kuna jambo moja ambalo wahubiri wa subira hulipitia haraka. Si kila kinachoshuka hupanda. Mumias, kampuni ya sukari, iliingia mwaka 2019 mikononi mwa mrasimu, msimamizi anayewekwa kampuni ikishindwa kulipa madeni, na hisa za Kenya Airways zimesimamishwa sokoni tangu Julai 2020. Mwenye nazo hawezi kuuza hata akitaka. Kwa hiyo daftari langu lina safu ya "Kwa nini", inayojazwa kabla ya kununua, kwa sentensi moja. Sababu ikifa, nauza, hata kwa hasara. Bei ikifa na sababu iko hai, nanunua fungu la kawaida. Ya Safaricom inasema: "Watu wanalipana kwa simu na kampuni inagawa faida." Jana nililipia msumari kwa simu. Sababu iko hai.

Ramadhani 1445 (Machi 2024)

Hii ndiyo siku pekee ya mwaka ninayojumlisha daftari zima. Zaka ni asilimia 2.5, na wanazuoni wametofautiana kama aliyeshika hisa kwa muda mrefu anatoa kwa thamani ya sokoni au kwa sehemu tu ya mali za kampuni. Mimi natoa kwa thamani ya sokoni, ni rahisi kuhesabu na moyo unatulia. Siku nyingine zote sijumlishi. Naangalia bei siku ya kununua, basi.

Desturi hii imenilinda kuliko kitabu chochote cha fedha. Mwaka mbaya, zaka ni ndogo. Mwaka mzuri, ni kubwa. Na pande zote mbili nimekaa na kalamu nikifanya ibada, sina muda wa kutaharuki.

Mwezi uliopita hati fungani ya miundombinu, yaani mkopo ambao serikali huchukua kwa wawekezaji, ilitoka kwa asilimia 18.46 bila kodi. Mfumo wa Benki Kuu wa kuzinunua wameuita DhowCSD, jina la jahazi, na wateja wangu wawili wa Mkomani wamepanda. Kwangu ni riba na mjadala umeisha. Ila nikiri hili linanibana. Ukiondoa benki, bima, bia na tumbaku, orodha ya Nairobi inafupika sana. Hata Safaricom ina Fuliza na M-Shwari, huduma za mikopo kwa simu. Mwalimu wangu amenielekeza nitenge sehemu ya gawio inayotokana na mikopo hiyo niitoe bila kutarajia thawabu. Naitenga.

Desemba 2024

Bamburi, kampuni ya saruji, imeondoka mikononi mwangu. Amsons wa Tanzania wamenunua kwa 65 kila hisa. Kulikuwa na mnunuzi mwingine aliyetaja zaidi ya 70 kisha akajitoa, na kuna waliokuwa wakimngojea yeye. Niliikubali 65: safu ya "Kwa nini" ilisema saruji na gawio, haikusema mnada.

Pesa zote zikaingia kwa pamoja, jambo ambalo kanuni ya oda haikulitazamia. Nimezigawa mafungu manne, moja kila robo mwaka. Mke wangu alitaka moja liende kwenye paa la makuti. Sasa ni matatu, na jiko halivuji.

Agosti 2025

Safaricom imepita 25, na barazani madalali wamerudi. Kenya Airways ilirejeshwa sokoni Januari, na wapo wanaoniambia niiwahi. Nimejaribu kuijazia sentensi ya "Kwa nini" nikakosa.

Habari ninayoijali zaidi: mwezi huu soko limeruhusu kununua hisa moja moja, si mafungu ya hisa 100 tena. Sasa hata fremu ya dirisha ina nafasi yake bila kungoja oda tatu.

Tatizo langu ni kwamba Safaricom imevimba kupita nusu ya daftari. Sitauza, kwa sababu sababu yake haijafa. Nimeongeza kanuni moja kwa kalamu nyekundu: kampuni ikipita nusu, pesa mpya zinakwenda kwingine hadi irudi chini. Mwenye mlango wa Shela amesema atamaliza kulipa baada ya Maulidi. Fungu hilo ni la Carbacid, kampuni ya gesi ya kaboni, na safu yake nimeshaijaza.